Nyayo za sungura tele kwenye theluji, sungura mwenyewe haonekani. Nakosea wapi?

Swali
Wakuu, naomba msaada. Nawinda sungura wa theluji kwenye msitu wa misonobari. Leseni ninayo na msimu uko wazi. Nyayo zimejaa kila mahali, lakini nazifuata kwa saa mbili nzima na siambulii kitu. Isitoshe, leo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bunduki yangu ya marisau, geji 20 (kipimo cha upana wa mtutu), imegoma: nikivuta kifyatulio inalia "tk" dhaifu na risasi haitoki.

Jibu la 1
Mkuu, unachofuata ni matembezi yake ya usiku. Sungura huyu hula gizani, akazunguka huku na huku, kisha mchana kutwa anajibanza mahali pamoja. Nyayo zikupe habari moja tu: kwamba yupo eneo hilo. Baada ya hapo ziache, uende kwenye maficho: misonobari michanga iliyosongamana, matawi ya chini yaliyolemewa na theluji hadi chini, magogo yaliyoanguka.

Hakikisha pia husomi nyayo kinyume. Akiruka, miguu ya nyuma, ile mikubwa, inatua mbele ya ile midogo. Alama kubwa ndiko anakoelekea. Kindi naye huruka hivyo hivyo, ila nyayo zake huanzia kwenye shina la mti na kuishia kwenye shina jingine.

Alama nzuri zaidi ni vijiti. Sungura hukata kwa mshazari, safi kama kisu. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo huacha ncha iliyochanika nyuzinyuzi. Ukikuta vijiti vya mkato safi hatua chache kutoka kwenye kichaka kizito, punguza mwendo hapo hapo.

Tembea hatua 10 hadi 15, simama dakika nzima. Kusimama ndiko kunakomtoa. Ukipita moja kwa moja anakuacha upite. Na usitafute mwili wa sungura, maana ni mweupe kama theluji. Tafuta kitone cheusi: jicho, au ncha za masikio, ambazo hubaki nyeusi hata majira ya baridi.

Jibu la 2
Kuhusu bunduki: hiyo ni mafuta. Mafuta ya kawaida huwa mazito kama asali kwenye baridi hiyo, pini inayogonga kitako cha risasi inakwenda polepole na kugonga kwa unyonge. Safisha pini na njia yake kwa kiyeyusho, kausha kabisa, kisha paka utando mwembamba wa mafuta ya baridi kali au uiache kavu.

Ikigoma tena, usifungue papo hapo. Elekeza mtutu mahali salama, subiri dakika moja, kwa sababu risasi inaweza kuchelewa kulipuka.

Ukianguka au ukipita chini ya matawi, toa risasi kwanza, kisha chungulia mtutu kutokea nyuma. Theluji kidogo tu ndani yake inaweza kuupasua. Jioni usiiingize bunduki ya baridi kwenye chumba chenye joto ikiwa wazi, italowa umande nje na ndani. Iache ndani ya mfuko wake hadi ipate joto taratibu, halafu ifute.

Muulizaji
Asanteni sana. Tukiwa wawili tufanyeje?

Jibu la 3
Mmoja afuate, mwingine abaki pale sungura alipokurupukia. Akifukuzwa hatoki mbali na eneo lake. Huzunguka na mara nyingi hurudi karibu na alipoanzia. Kabla ya kuachana, kubalianeni kila mtu atapiga upande gani, na wote mvae rangi ya chungwa. Marisau namba 6 (namba ya ukubwa wa chembe zake) yanatosha, umbali usizidi mita 30.

Jibu la 4
Nyongeza: mtoe matumbo mapema ukiwa na glavu za mpira, na uangalie ini. Likiwa na vidoa vyeupe vidogo vidogo, shuku tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoweza kumwambukiza binadamu. Usimle, wala usimguse kwa mikono mitupu. Kugandisha nyama hakuaminiki kuua vijidudu hivyo. Hata ini likiwa safi, pika hadi nyama ifike nyuzi 74 ndani, karibu na mfupa.