Rangi ya kopo, kompresa au brashi tu? Mjomba anafunga mizigo Jumatano

Kijana_Rimu
Assalaam alaykum wanajukwaa. Mjomba wangu yuko Maskati, anarudi Unguja Alkhamisi, kaniuliza anichukulie nini. Nataka kuanza kuunga modeli za gari. Naona wengine wanapaka kwa makopo ya kupulizia, wengine wana kompresa na kile kibunduki chembamba kama kalamu, wengine brashi. Kipi bora? Naomba jibu la haraka.

Kusi_77
Waalaykum salaam. Bora kwa gari gani? Plastiki au mbao? Skeli gani, yaani ndogo mara ngapi kuliko gari ya kweli? Pesa kiasi gani? Na utapulizia wapi? Umeuliza kama mtu aliyeingia dukani akasema "nipe nguo".

Kijana_Rimu
Samahani sheikh, haraka tu. Plastiki, ya kampuni ya Tamiya, skeli 1/24, boksi ninalo tayari. Bajeti laki mbili.

Maalim_Futi
Laki mbili rangi peke yake au pamoja na msasa, gundi na praima (rangi ya msingi)? Tuseme ni vyote. Basi chukua makopo, kompresa isahau. Bodi ya gari ni rangi moja inayong'aa, na hapo kopo halina mpinzani. Makopo ya TS ya Tamiya ni mililita 100, kopo moja linatosha bodi ya 1/24 na linabaki. Kwanza osha bodi kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki inatoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Halafu praima, halafu msasa laini wa maji, namba 1000 kwenda juu. Kopo liweke dakika chache kwenye maji ya vuguvugu (vuguvugu, si ya moto, na wala usilikaribishe jikoni) ili gesi ipate nguvu na rangi itoke laini. Simama kama shubiri moja kutoka kwenye bodi, mkono uanze kupuliza nje ya bodi na umalizie nje. Koti la kwanza liwe jepesi hata uone haya nalo.

Chai_Maharage
Maalim anauza makopo kila uzi. Mimi nasema kompresa. Kopo linatoa rangi kwa kasi moja tu, utake usitake. Kibunduki chenye tundu la milimita 0.3 unakiamrisha wewe. Rangi unaizimua mpaka iwe kama maziwa, presha 15 mpaka 20 psi, unapita unapopataka. Na ndani ya gari je? Viti, dashibodi, injini, chesisi, kila kimoja rangi yake. Utanunua kopo zima kwa ajili ya usukani?

Maalim_Futi
Usukani unapakwa kwa brashi, kijana.

Binti_Mkunazini
Ndiyo kwanza neno brashi limetajwa kwa heshima humu 😄 Mimi napaka hina maharusi, mkono wangu umezoea vitu vidogo, na gari zangu tano zote ndani nimepaka kwa brashi. Taa za nyuma napaka rangi ya kucha nyekundu ile ya kupenya mwanga, inang'aa kuliko rangi yoyote ya modeli. Lakini usiipake kwenye plastiki tupu ya bodi, inaila. Bodi zenyewe nampa kaka yangu apulizie, nakiri.

Mwana_Wete
Nyote mnasema kana kwamba tunaishi jangwani. Nikuhadithie yaliyonikuta ili ujue hapa visiwani adui ni hewa, si kopo wala kompresa.

Gari yangu ya mwanzo ilikuwa Golf ya kampuni ya Revell, 1/24 pia. Masika yamekaza, na Idd inakaribia, nataka nimpe mtoto wa dada yangu. Asubuhi mvua ikaacha kidogo, nikatoka uani na kopo la nyeusi, nikapuliza. Ndani ya dakika tatu nyeusi ikawa na utando mweupe, kama mtu kaipiga chokaa. Baadaye nilielewa: thina ikiruka inapoza ile rangi, na hewa ikiwa imejaa maji, yale maji yanatua juu yake. Siku ile nilidhani kopo bovu.

Nikampelekea fundi mmoja wa kupiga rangi gari za watu. Akacheka, akasema hii dakika mbili. Akachukua rangi yake ya gari na thina yake kali, akapiga kwenye plastiki isiyo na praima. Wallahi niliiona kwa macho yangu inapasuka nyufa nyufa kama tope la mikoko maji yakikupwa. Nikarudi nyumbani, nikailoweka kwenye mafuta ya breki kuitoa rangi. Rangi ilitoka, nyufa zikabaki. Nikazijaza puti, nikasugua siku mbili, nikaipaka upya, na kwa kuwa nilishaogopa unyevu nikaiweka juu ya dashibodi ya gari ya shemegi ikauke. Jua la saa sita, vioo vimefungwa. Tulipofungua mlango, paa limeingia ndani kama sufuria iliyokaliwa.

Mtoto alipata viatu vya Idd.

Kusi_77
Pole Mwana_Wete, nimecheka na si vizuri. Lakini unasema kweli. Mimi masika sipulizi kabisa, nakata na kusugua tu. Napuliza kaskazi au kusi, baada ya saa nne asubuhi, umande umekwisha. Na wewe Chai, mwambie kijana kuhusu kichujio cha maji, maana kompresa ikikandamiza hewa yetu hii inatoa maji, halafu kibunduki kinatema matone katikati ya boneti.

Chai_Maharage
Kichujio kinakuja nacho kompresa yoyote ya maana.

Kusi_77
Ya maana kwa laki mbili? Ukiipata tuambie sote.

Halafu nashangaa hamjaliona: mjomba anakuja na NDEGE. Makopo ya rangi hayapandi, si mkononi si kwenye mzigo wa chini. Ni gesi inayowaka. Thina hivyo hivyo, na ile gundi nyembamba ya plastiki pia. Atavuliwa vyote pale uwanjani, na mzee wa watu ataaibika.

Maalim_Futi
Hilo la kweli. Basi makopo yaje kwa kontena.

Chai_Maharage
Kwa hiyo kompresa imeshinda 😎 Na rangi achukue za maji, Vallejo zile za chupa ndogo, hazina spiriti.

Kijana_Rimu
Lahaula. Nilishamtumia orodha ya makopo sita.

Binti_Mkunazini
Mpigie sasa hivi! Na wewe kaka, mwache mjomba akuletee vitu visivyopatikana hapa: msasa mwembamba sana, brashi nzuri namba 0 na tepu ile ya manjano ya kuzibia. Gundi ya vioo usiagize, tumia gundi nyeupe ya mbao, iko kila duka la vifaa Darajani na ikikauka haionekani. Supaglu usiikaribishe kwenye vioo, mvuke wake unaacha ukungu hautoki.

Kijana_Rimu
Kuhusu supaglu, mdogo wangu keshabandika kioo cha mbele. Kina ukungu. Kinatoka?

Maalim_Futi
Kama ukungu uko juu juu, kisugue kwa pamba na dawa ya meno, taratibu. Kama gundi yenyewe imekimbia juu ya kioo, basi tena.

Mwana_Wete
Dawa ya meno inakwaruza, Maalim.

Maalim_Futi
Nyeupe ya kawaida, si ile ya chembechembe. Nimeifanya miaka.

Mimi lakini nasikitika vijana mnakimbilia maboksi ya Japani wakati tumekulia tunachonga. Magurudumu ya ndara, ekseli ya waya, bodi ya kopo la mafuta. Sasa nachonga daladala la mbao, la zamani lile la benchi mbili pembeni na pazia la turubai, kwa hiyo hiyo 1/24. Unajua kwa nini 1/24 nzuri kwa seremala? Nusu inchi ni futi moja. Sihitaji kikokotoo, tepu yangu ya kupimia ya kazini inatosha. Bodi ya futi ishirini inakuwa inchi kumi.

Chai_Maharage
Na mimi nina lori la kampuni ya AMT la 1/25, nataka kulifanya daladala. Zikikaa pamoja si sawa tu?

Maalim_Futi
Si sawa. Gari ya mita 4.8 kwenye 1/24 ni sentimita 20, kwenye 1/25 ni 19.2. Milimita nane. Zipange pembeni uone, moja itaonekana haikushiba.

Mwana_Wete
Milimita nane nani ataziona na abiria wamejaa mpaka kwenye ngazi?

Chai_Maharage
Hahaha. Maalim, la kwako litakuwa 502 Bububu au 505 Uwanja wa Ndege?

Maalim_Futi
502. Maandishi ya kibao naandika kwa mkono, stika sitaki.

Binti_Mkunazini
Nipe mimi niandike, mkono wako unatetemeka tangu uzi wa baiskeli 😂

Kijana_Rimu
Jamani nirudisheni kwenye mada. Nimeongea na mjomba. Makopo kayaacha. Anasema ana nafasi ya kilo tatu, kuna kompresa ndogo isiyo na tangi, anaiona hapo dukani, achukue? Na nimesahau kusema, nakaa Michenzani ghorofa ya tatu, roshani yangu inatazama nguo za jirani.

Kusi_77
Hilo ndilo swali nililokuuliza jana la mwisho!

Mwana_Wete
Nguo za jirani nyeupe au za rangi?

Chai_Maharage
Isiyo na tangi inapiga hewa kwa kurukaruka, tafuta yenye tangi la lita tatu. Lakini kilo tatu haitoshi. Muulize kama ana mtu mwengine anayekuja na ndege hiyo hiyo.

Maalim_Futi
Binti, njoo Jumamosi baada ya alasiri, kibao nitakuwa nimeshakikata. Njoo na ile rangi yako nyeupe.