Njia nyembamba za vilimani: baiskeli zitolewe, au tupishane hivyo hivyo?

Mleta mada

Wadau, nitasema bila kumung'unya maneno. Njia za mashambani zenye mandhari nzuri, zile zinazopita ubavuni mwa vilima na kando ya mito, zisiruhusu baiskeli pale ambapo watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kukanyaga majani. Kabla hamjanirukia: nina baiskeli, na naipenda.

Mwezi uliopita nilikuwa nateremka kwa miguu, mawazo mbali, nikasikia changarawe zinalia nyuma yangu. Nikajitupa kwenye miiba. Jamaa akapita kama mshale, akasema "asante!" Nilibaki nachomoa miiba nikijiuliza ananishukuru kwa lipi.

Pigeni hesabu. Mtembeaji huenda kama kilomita 5 kwa saa. Baiskeli ikishika 30 kwenye mteremko, inakula zaidi ya mita 8 kila sekunde. Kona inayokuonyesha mita 15 tu mbele imekupa chini ya sekunde mbili za kuona, kushtuka na kubana breki, tena juu ya mawe yanayoteleza.

Wenzetu wameshaamua. Jimbo la Baden-Württemberg, Ujerumani, halitaki baiskeli kwenye njia ya msituni yenye upana chini ya mita 2. Marekani nayo, sheria ya mwaka 1964 ya maeneo ya asili yasiyoguswa inakataza vyombo vya usafiri vya kimashine, na baiskeli imo. Tunangoja nini?

Miguu Tu

Naunga mkono hoja, na umesahau mmomonyoko. Tairi inachora mstari, mvua inaugeuza mfereji, mwaka unaofuata njia imekuwa korongo. Kiatu hakifanyi hivyo.

Mnyororo

Miguu Tu, hapo umeteleza. Mwaka 1994 watafiti wawili, Wilson na Seney, walichapisha matokeo ya majaribio kwenye njia za milimani huko Montana: mtembeaji, farasi, pikipiki na baiskeli, wote juu ya udongo mmoja. Kwato na miguu vililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Farasi ndiye aliyetia fora.

Halafu iangalie Pennine Way ya Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1965. Sehemu kubwa yake ni ya watembea kwa miguu tu. Walipita wengi mpaka udongo wa mboji ukawa uji, na kila mtu akikwepa tope alikanyaga pembeni, njia ikazidi kutanuka. Iliwabidi watandaze mabamba ya mawe, mengine yakiwa sakafu za viwanda vya nguo vilivyobomolewa. Baiskeli haikuwepo pale, ndugu yangu. Ni viatu.

Mleta mada, pole kwa miiba. Huyo jamaa ni mhuni na mimi simtetei. Ila sheria ya Marekani usiilete hapa. Ilitungwa kulinda upweke wa maeneo yasiyo na makazi wala barabara, na baiskeli zilitajwa waziwazi kwenye kanuni za mwaka 1984 tu. Haihusiani na kona yako. Kama unataka mfano wa mashambani wanakoishi watu, nenda Scotland. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 imempa kila asiye na injini haki ya kupita, kwa miguu, baiskeli au farasi, almradi aende kistaarabu. Hawakupima njia kwa rula.

Mleta mada

"Kistaarabu." Nani anapima ustaarabu kwa kilomita 30?

Sikio Moja

Niwaambie kitu wanangu. Nina miaka 71 na sikio la kushoto limezimika kabisa. Kila mjadala kama huu hauishi bila mtu kusema "wapige kengele tu, yaishe." Kengele ya nani? Mimi huijua baiskeli inapokuwa imeshanipita na upepo wake umenipiga kwenye kiwiko. Safari ya mwisho niligeuka upande usio sahihi, nikamkatia njia kijana wa watu, akaanguka yeye. Alikuwa na adabu mno, akaniomba radhi wakati damu inamtoka gotini. Nikalia njia nzima.

Sikutoka pale nikiwachukia waendesha baiskeli, lakini njia ile siku hizi siendi. Mnapohesabu waliogongana, hesabuni na sisi tulioacha kutoka nyumbani.

Mnyororo

Shikamoo mama. Hilo sikuwahi kuliwaza, na sina jibu la haraka. England sheria ya mwaka 1968 iliruhusu baiskeli kwenye njia za farasi kwa sharti moja: mwenye baiskeli ampishe mtembeaji na mpanda farasi. Siyo kupiga kengele ili wewe upishe. Yeye ndiye anayepunguza, ikibidi anashuka. Nadhani wengi wetu tumeigeuza kanuni hiyo kichwa chini.

Sikio Moja

Marahaba. Umeongea.

Mwenye Shamba

Wanaojenga nyumba moja hawagombei fito, lakini ninyi mnagombea fito na nyumba ni yangu. Njia mnayoibishania inakata malisho yangu katikati. Geti likiachwa wazi halimjui aliyeliacha kama alikuwa na magurudumu au viatu. Mimi ndiye ninayewatafuta ng'ombe usiku.

Austria wana sheria ya misitu ya mwaka 1975: mtu yeyote anaweza kuingia msituni kutembea, lakini baiskeli inataka ridhaa ya mwenye msitu au ya anayeitunza barabara hiyo. Kwangu huo ni uungwana. Akivunjika mtu kwenye shimo langu, wa kwanza kuulizwa nitakuwa mimi, siyo mandhari.

Mnyororo

Na ukikataa, mkuu? Mwenye shamba mmoja akisema hapana, njia ya kilomita 40 inakatika kama uzi.

Mwenye Shamba

Basi mngeniuliza mapema, kabla ya kuchora ramani.

Miguu Tu

Kwa nini tusitumie reli zilizoachwa? New Zealand wana ya Otago, kama kilomita 150, ilikamilika kufunguliwa mwaka 2000. Treni haipandi miinuko mikali, kwa hiyo njia ni tambarare na pana, na mnaonana mkiwa mbali. Vijiji vilivyokuwa vinakufa vikapata wageni.

Mleta mada

Mahali palipo na reli, sawa. Lakini reli inafuata bonde. Anayetaka kuona bonde lenyewe kutoka juu atapanda tu, na huko juu ndiko kwenye ugomvi.

Jembe na Mawe

Kazi yangu ni kujenga hizi njia, na nawasoma tangu mwanzo huku nakuna kichwa. Mnabishania upana. Upana peke yake haumwokoi mtu. Njia pana iliyonyooka kwenye mteremko ni mwaliko wa kwenda kasi, na ninayeogopa kukutana naye ni yule wa huko, siyo wa kwenye mawe membamba anayejikongoja.

Kwanza maji. Kanuni ya ufundi wetu ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima unaoukata. Ukizidisha, maji hayakatizi tena njia kwenda chini, yanaifanya mkondo wao. Korongo la Miguu Tu linatoka hapo. Tairi na kiatu vinakuja kumalizia tu.

Pili, mwendo. Ukikata vichaka kwenye kona ili watu waonane, mwenye baiskeli naye anaona mbali na anaongeza kasi. Nimeshafanya kosa hilo, nikarudi kulirekebisha kwa gharama. Inabidi ufungue macho na ubane miguu kwa pamoja: kata kichaka, halafu mita kumi kabla ya kona panga mawe mawili makubwa yaliyokaribiana kiasi kwamba usipopunguza mwendo, usukani unagonga. Mtembeaji hata hayaoni. Hakuna kibao kinachofanya kazi kama jiwe.

Tatu, mgawanye muda pale pasipogawanyika. Juu ya Ziwa Tahoe, Marekani, kipo kipande cha njia ambacho baiskeli zinaruhusiwa siku za tarehe shufwa tu. Tarehe witiri mama yetu hapo juu anaweza kutoka na sikio lake moja bila wasiwasi.

Baiskeli za umeme sizigusi leo. Zile zinapanda kwa kasi ambayo zamani ilikuwa ya kushukia, na huo ni mjadala mwingine.

Sikio Moja

Tarehe witiri nitakuja. Andikeni kibao kwa herufi kubwa.

Mleta mada

Nakubali kurudi nyuma hatua moja, siyo mbili. Naondoa mita 2 na hoja ya upana. Naweka hii: pale ambapo hamwonani, baiskeli isiingie mpaka mawe ya Jembe yawe yamekaa na kichaka kimekatwa. Kwanza kazi, ndipo ruhusa, siyo ruhusa halafu kazi ibaki ya kuahidiwa. Njia ndefu zote zifuate utaratibu wa tarehe.

Mnyororo

Ya tarehe naichukua. Hiyo ya "kwanza kazi" inanitia shaka, kwa sababu kazi ya kukata kichaka inaweza kungojwa miaka kumi na sisi tuko nje. Lakini niko tayari kuja na panga siku ya mapumziko, na wenzangu watano nawaleta. Tukate kichaka kipi kwanza? Kile cha kona aliyorukia mleta mada?

Mwenye Shamba

Hicho msikiguse. Hicho ndicho ua wangu.

Jembe na Mawe

Mkuu, nije Jumamosi tukione pamoja? Mawe nitakuja nayo.

Mwenye Shamba

Njoo. Geti ulifunge.