Kiungo cha tela kisichoonekana kwa gari la familia: kipi kinafaa?

Baba Wawili
Habari zenu ndugu. Gari letu ni la familia, aina ya wagoni, na nataka kulifungia kiungo cha kukokotea tela dogo mara chache kwa mwaka, na zaidi ya hapo kubebea baiskeli mbili za umeme. Sitaki tufe la chuma lichomoze nyuma ya bampa mwaka mzima, kwa sababu watoto hupita hapo wakipakia mizigo kwenye buti na magoti yao ndiyo yanayoliona kwanza. Naomba ushauri: ninunue kinachochomolewa kwa mkono au kinachojikunja chini ya gari?

Fundi Chuma
Ndugu, kwa matumizi uliyoyaeleza mimi ningechagua cha kuchomoa, lakini uliza kwanza shingo yake, yaani kile chuma kilichopinda chenye tufe, inaingilia upande gani. Ile inayopachikwa kutoka chini kwenda juu huacha tundu lake nyuma ya bampa, na ukiichomoa mtu aliyesimama nyuma ya gari haoni kitu. Ile inayopachikwa kwa mlalo huacha mdomo wa chuma unaoonekana, hata kama tufe halipo. Uliza pia kama bampa itakatwa, kwani mara nyingi mkato huwa upande wa chini na hauonekani, ila kwenye baadhi ya magari hupanda hadi sehemu iliyopakwa rangi, na hapo ile siri uliyoilipia imekwisha.

Ukishakifunga, usiache tundu wazi. Mchanga na chumvi vikiingia, kitasa hukwama siku unayokihitaji, kwa hiyo rudisha kifuniko chake cha plastiki kila unapochomoa shingo. Kwa aina nyingi ufunguo hautoki mpaka shingo iwe imejifunga sawasawa. Ukiona ufunguo unagoma kutoka, usilazimishe wala usiondoke.

Mama Safari
Mimi natofautiana kidogo na Fundi. Shingo ya kuchomoa ni nzito na huwa na grisi, na kwa mtu anayebeba baiskeli kila wiki, kuinama chini ya bampa siku ya matope ni adhabu. Hatimaye wengi huiacha hapo hapo mwaka mzima, jambo ambalo ndilo unalolikimbia. Kinachojikunja ni ghali zaidi, lakini hukaa chini ya gari na hushuka kwa kubonyeza kitufe au kuvuta mpini.

Mkokotaji
Kabla ya kuchagua umbo, tafadhali soma namba mbili kwenye kibati cha kiungo. Ya kwanza ni uzito unaokandamiza tufe kwenda chini, nayo ndiyo inayokuhusu kwa baiskeli: kibebeo cha kilo 18 na baiskeli mbili za kilo 25 kila moja ni kilo 68, na kiungo cha kilo 50 hakikufai hata kama kinaweza kuvuta tela zito. Kumbuka kwamba gari nalo lina kikomo chake, na kile kilicho kidogo ndicho kinachotawala.

Ya pili ni thamani ya D, yaani nguvu ya kuvutana kati ya gari na tela ambayo kiungo kinaweza kuhimili, inayopimwa kwa kilonyutoni. Zidisha uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari kwa ule wa tela, kwa tani, ugawe kwa jumla yake, kisha uzidishe kwa 9.81. Gari la tani 2.2 na tela la tani 1.5 huhitaji kiungo cha D isiyopungua takriban 8.75.

Baba Wawili
Asanteni sana. Kibati cha kile cha kuchomoa nilichokiona kimeandikwa kilo 75, na kitabu cha gari pia kinasema 75. Je, nyaya za taa za tela nazo zina hila yoyote?

Fundi Chuma
Zinayo. Kwenye gari la kisasa usikubali nyaya ziungwe moja kwa moja kwenye taa za nyuma, bali idai moduli iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako, inayoijulisha kompyuta ya gari kwamba kuna tela ili vihisi vya kuegesha vinyamaze. Chukua soketi ya pini 13, yaani tundu la kuchomekea nyaya za tela, inayokunjika kuingia nyuma ya bampa. Ile isiyokunjika itaning'inia nje hata shingo ikiwa imehifadhiwa kwenye buti.