Naomba ushauri: nataka kutoa michoro ya bodi yangu bure

Salaam ndugu zangu, mie niko Likoni hapa Mombasa, nimedizaini kwa KiCad (programu ya kuchora saketi) bodi ndogo ya elektroniki yenye chipu ya ESP32, ya kupima joto la friza za samaki stima ikipotea, sasa michoro yote nataka niwape madevelopa bure waiendeleze. Shida leseni. Naona CERN-OHL, leseni huria ya michoro ya vifaa, toleo la 2020, ina aina 3, S inamlazimu anayebadilisha na kusambaza naye atoe michoro yake, W iko katikati, P inamwachia afanye atakavyo, na roho yangu iko kwa S manake naitaka kazi hii ibaki ya watu wote, lakini naogopa fundi mdogo ataikimbia akisikia masharti. Nifanyeje? Na famwea (programu inayokaa ndani ya bodi) niiweke leseni ya GPL, inayomtaka anayeibadilisha na kuisambaza naye atoe kodi yake, ama MIT yenye masharti machache? Alopitia hili anisaidie tafadhali.