Nimenyang'anywa kitabu mbele ya watoto wa chekechea, na Fisi alikuwa hajamaliza kusema

Wakuu, naandika nikiwa kijiwe cha bodaboda nje ya geti, mikono bado inatetemeka.

Yule Madamu mnamjua. Simtaji. Kila mwenye mtoto chekechea ameshakutana naye, yule anayetembea na funguo kama askari magereza.

Leo ilikuwa zamu yangu, mzazi kuwasomea watoto hadithi. Wiki nzima nimezunguka kwa wauza vitabu wa mitumba, nimefunua vitabu kama milioni moja. Kimoja maneno yamejaa ukurasa kama mkataba wa mkopo. Kingine picha ndogo kama stempu. Watoto 24 mkekani wataona nini? Kingine kimetafsiriwa na mtu ambaye hajawahi kuongea na mtoto, eti sungura "alikuwa akijishughulisha na ukusanyaji wa karoti". Mtoto wa miaka minne hapo halali, anazimia. Halafu kuna vile ambavyo ukurasa wa mwisho lazima mtundu avunjike mguu ili wenzake wajifunze utii.

Nikakipata changu. Sungura na Fisi kisimani, sh. 3,500, jalada limebanduka. Sentensi mbili kila ukurasa. Ndoo inatumbukia chubwi! Kila baada ya muda Fisi anauliza, "Na mimi je?" Kitabu cha kusoma kwa sauti ndicho hicho: mtoto akilisikia neno mara mbili, ya tatu analisema yeye kabla yako. Nimekisoma nyumbani usiku mara tatu nikitafuta sauti ya Fisi, mpaka jirani kagonga ukuta.

Asubuhi nikakaa mkekani. Hadithi hadithi! Wakaitika paa likataka kung'oka: Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Tukaenda. Chubwi wakasema wao. "Na mimi je" wakasema wao. Nikafika Fisi amechungulia kisimani, amevuta pumzi, akasema...

Hapo! Hapo hapo! Mkono ukashuka kutoka juu, ukachukua kitabu. Ukurasa haujaisha. Sentensi haijaisha. Akakifunga pap, akasema watoto wote wakisikia: "Baba, hivi vya Kiswahili tunawaachia madada wa kazi nyumbani. Hapa ni ingilishi midiamu."

Akanishikisha kingine. Kizuri, jalada gumu, kinang'aa. Mtoto amevaa koti anajenga sanamu la theluji, pua ameweka karoti. Joto la Dar hili! Nikajaribu ukurasa mmoja. Kimya. Binti mmoja wa mbele akauliza, "Mbona karoti hawaipiki?" Mwingine akanivuta suruali: "Baba, Fisi kasemaje?" Na Madamu kasimama pale, kitabu changu kakibana kwapani.

Kwapani, wakuu! Na Fisi ndani yake, mdomo wazi.

Julai 7 wanabandika bango la Siku ya Kiswahili Duniani, ile waliyoitangaza UNESCO mwaka 2021. Julai 8 Kiswahili kinarudi kwapani. Sina ugomvi na Kiingereza, mwanangu atakisoma. Lakini mtu anakatiza vipi hadithi katikati ya "akasema"? Hata mgambo wa jiji anakuacha umalizie kurudisha chenji.

Akasema. Akasema nini?

---

Kiraka wa Tandale: Uzi mrefu kuliko hicho kitabu chenyewe. Pole lakini.

Mchungaji wa Mbuzi 9: Mkuu, ada umelipa mwenyewe, ingilishi midiamu umeichagua mwenyewe, sasa Fisi wa Kiswahili unampeleka kufanya nini? Ni kwenda na ugali kwenye mgahawa wa Wachina.

Bi Shuwari: Mimi sijali Madamu. Hilo "hadithi hadithi" limetoka wapi? Sisi Unguja ni Paukwa! Pakawa! Ungeanza na Paukwa asingethubutu kukugusa.

Kiraka wa Tandale: Bi Shuwari usituletee mambo. Bara ni hadithi njoo. Marehemu bibi yangu asingeitika Pakawa hata umpe ng'ombe.

Mzee Redio: Sisi hatukuwa na vitabu wala Madamu. Tulikuwa na Mama na Mwana, kipindi cha hadithi cha Redio Tanzania (RTD), mtaa mzima umeinamia redio moja, na betri tumeanika juani tangu asubuhi. Hakuna aliyekatiza. Betri ndiyo ilikuwa inakatiza.

Nyundo Baridi: Theluji ipo Kilimanjaro. Watoto wa Kitanzania wana haki ya kuijua theluji yao.

Mwenye uzi: Nyundo Baridi, kule juu nani analivisha sanamu la theluji skafu? Nimesema Fisi alikuwa amevuta pumzi. Kuna mtu humu amesoma au mnajibu kichwa cha habari?

Ticha Mstaafu: Mimi nimefundisha chekechea. Mleta uzi kachagua sawasawa. Kiitikio, sentensi fupi, picha inayoonekana mpaka safu ya nyuma, na kukisoma kwanza peke yako. Wengi wanakifungua kwa mara ya kwanza mbele ya watoto, wanaanza kujikwaa. Wasio na hela waende Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi, Dar, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967. Kuna sehemu ya watoto. Au waingie tovuti ya African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini ulioanza 2014. Ni bure, Kiswahili kimo, na kuchapa wanaruhusu. Ila someni kwanza hadithi yenyewe, si zote zinafaa ulimi.

Mchungaji wa Mbuzi 9: Kuchapa kwa wino upi Ticha? Katriji bei yake unanunua mbuzi.

Mama Pacha: Afadhali wewe kitabu umenyang'anywa. Wangu wamekula. Si kuchana, KULA. Mmoja alianza na mkia wa simba. Sasa hivi nanunua vyenye kurasa za karatasi ngumu tu, na navyo vina alama za meno.

Dereva wa Usiku: Mke wangu anasoma wahusika wote kwa sauti moja. Simba, chura, bibi, wote wanaongea kama mtangazaji wa vifo. Mtoto anakuja kuniamsha saa tatu usiku nimfanyie simba, na saa nne naingia barabarani.

Mwenye uzi: Poleni, lakini kitabu changu bado kiko ofisini kwake. Nimepiga simu, naambiwa nikachukue Ijumaa baada ya kikao cha michango.

Mama Pacha: Umesema michango! Hivi kwenu mahafali ya chekechea ni shilingi ngapi? Sisi 85,000 kwa mtoto. Ninao wawili. Joho, kofia, keki, mpiga picha. Wanahitimu nini? Kupaka rangi embe?

Dereva wa Usiku: 85,000 unalia? Sisi 120,000 na joho linarudishwa.

Kiraka wa Tandale: Linarudishwa?? Basi mnakodi. Huo ni wizi, fungua uzi wake.

Bi Shuwari: Wangu kofia ilikuwa kubwa ikamfunika macho, kapokea cheti kwa kupapasa. Picha ndiyo hiyo hiyo tumelipia.

Mwenye uzi: Ndugu zangu, Fisi.

Fundi wa Kota: Majoho nashona. Kitambaa changu, uzi wangu, 25,000 na kofia, na joho unabaki nalo. Nipeni urefu kutoka begani mpaka kifundo cha mguu.

Mama Pacha: Fundi, wa kwanza sentimita 80. Wa pili hakubali kusimama, mkatie sawa na mwenzake.