St. Patrick's Iten: ni mwinuko tu, au kulikuwa na siri?

Mwalimu_Babati
Wakuu, habari zenu. Nafundisha michezo sekondari moja huku Manyara. Mwinuko hata sisi tunao, na Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 ni wa Karatu, si mbali. Sasa iweje shule moja ya Iten, Kenya, St. Patrick's, itoe wakimbiaji kama Wilson Kipketer, Peter Rono, David Rudisha na wengine? Mliosoma pale, mlikuwa mnafanyiwa nini?

Bweni86
Salamu Mwalimu. Niliingia kidato cha kwanza 1986, na kwanza nikusahihishe: Rudisha si wetu. Alisoma Kimuron, hapo hapo Iten, akawa anafundishwa mbio na Bruda Colm, kocha wetu. Watu hulikosea hilo kila siku.

Mwinuko upo, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, lakini shule za mwinuko huo ni nyingi. Yetu ilianza 1961, ya mabruda Wakatoliki. Colm O'Connell alitoka Ireland 1976 kuja kufundisha jiografia. Riadha hakuijua! Timu ya riadha ilikuwa mikononi mwa Mwingereza, Peter Foster, ndugu wa Brendan Foster aliyechukua shaba ya mita 10,000 Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo. Foster alipoondoka, timu ikamwangukia Bruda. Asiyejua kitu hutazama, naye alitazama: mabega, mikono, mguu unavyotua.

Mimi kwenye timu nilidumu wiki tatu. Jioni moja nilijitia kuwapita wenzangu kwenye mbio za polepole, kaka mmoja wa kidato cha nne akanivuta shati: "We, hapa unashindana na nani?" Hapo ndipo jibu lako lilipo. Siku nyingi tulikimbia taratibu kiasi cha kuweza kupiga soga. Nikarudi kwenye voliboli, nilikoweza kuonekana.

Rono aliposhinda mita 1500 Olimpiki ya Seoul 1988 nilikuwa kidato cha tatu. Tukaanza kugombania kitanda alicholalia. Vitanda vitatu vilidaiwa kuwa ndicho, na kila kimoja kilikuwa na mashahidi wake.

Dada_wa_Tambach
Kaka, wasichana umetuacha wapi? Kambi za likizo zilizoanza 1989 ndizo zilizotufungulia mlango, na shule yenyewe ni ya wavulana. Lydia Cheromei alishinda mbio za nyika za dunia za vijana kule Antwerp 1991 akiwa na miaka 13. Kumi na tatu! Mimi umri huo nilikuwa nakimbia nikitumwa chumvi dukani, tena kwa kununa.

Bweni86
Kweli dada, nimekosa. Basi niongeze hili ninalolipenda kuliko yote: Kipketer, tuliyesoma naye shule moja, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:41.11 mwaka 1997 akiwakilisha Denmark. Rekodi hiyo ya dunia ikakaa miaka 13. Aliyekuja kuikata Berlin 2010, kwa sekunde 0.02 tu, ni Rudisha. Wote wawili wamepitia mikono ya mwalimu yule yule wa jiografia.

Mwalimu_Babati
Ahsanteni sana. Kumbe kosa langu ni saa. Kila jioni nawapimia muda, na kila jioni wanakimbia kama wanafukuzwa na nyuki. Ila nina vijana 14 na jozi nne za viatu. Nifanyeje?

Bweni86
Una uwanja wa nyasi? Wakimbie peku hapo, taratibu, na saa uifungie kabatini mpaka mwisho wa muhula. Viatu viweke kwa siku za barabarani, wapokezane. Nyasi ziwe fupi, na mmoja atangulie kuokota miiba.

Na ukiwaleta Iten, njooni siku ya Alhamisi. Saa tatu asubuhi wakimbiaji hujaa barabara ya vumbi kwa mazoezi ya kupandisha na kushusha kasi, watu zaidi ya mia. Vijana wako wasimame upande upepo unakotoka, la sivyo watarudi Babati na nyusi nyekundu. Miti iliyopandwa shuleni kwa heshima ya mabingwa ina vibao vya majina, waisome yote. Kuhusu kile kitanda, wasiulize. Kila mtu atawaonyesha chake.