Mafundi wa mageti ya umeme, acheni kuzika bodi ambazo hazijafa!

Wakuu, salaam.

Huu ni uzi wa malalamiko na naufungua nikiwa na hasira kweli kweli. Huu mtindo wa fundi kufika getini, kubonyeza rimoti mara mbili, kufungua kifuniko cha mota, kuchungulia ndani na kutamka "bosi, bodi imekufa" umezidi sasa. Mkononi hana mita ya kupimia umeme. Fyuzi hajaigusa. Geti hajalitoa kwenye gia akalisukuma. Ila bei ya bodi mpya (ile saketi inayoiongoza mota) anayo tayari, na ile ya zamani anaondoka nayo. Kama imekufa, anaipeleka wapi?

Nazungumzia mageti ya kuslaidi, haya yaliyojaa mitaani. Geti likigoma kufunguka, bodi iwe mtuhumiwa wa mwisho. Kabla yake kuna vitu vingi vya bei ndogo, na kila kimoja kina dalili yake.

Fundi anayejua kazi anaanza na ufunguo wa kuachia mota. Achia gia, kisha sukuma geti kwa mkono kutoka mwanzo wa reli mpaka mwisho. Mtu mzima mmoja alisogeze bila kukunja uso. Likiwa zito au likikwama sehemu moja, tatizo ni la chuma wala si la umeme: mchanga umejaa kwenye reli, beringi za magurudumu zimekwisha, au nguzo ya juu inalibana. Mota za kisasa zinapima mzigo. Zikiona geti zito zinasimama au kurudi nyuma, na wewe unaona geti limekwenda kidogo likagoma.

Hapa ndipo hasira yangu inapopanda zaidi. Badala ya kusafisha reli na kubadilisha magurudumu, fundi anaongeza nguvu ya mota kwenye bodi. Geti linatembea, anachukua hela yake, anaondoka. Lakini nguvu hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa kulisimamisha geti likimgusa mtoto au gari. Ukiipandisha mpaka juu, geti halisimami tena. Geti la chuma lina uzito wa mamia ya kilo, jamani. Huo ni uzembe unaoweza kuua.

Magurudumu yakilika kuna jambo lingine linatokea: geti linashuka, na pau ya meno (ile iliyofungwa kwenye geti) inaikalia gia ya mota. Mota inabeba geti badala ya kulivuta, gia inalika, beringi ya giaboksi inakwisha. Kati ya meno ya pau na ya gia inatakiwa ibaki nafasi ya milimita 1 mpaka 2, urefu wote wa geti. Kadi mbili za benki zilizobanana ni kama milimita moja na nusu, tumia hizo kupimia. Zisipopita, legeza boliti za pau, ipandishe, kaza. Na msiipake grisi hiyo pau! Grisi inashika mchanga, mchanga unasaga meno.

Geti likiwa jepesi kwa mkono, rudi kwenye umeme. Sikiliza.

Mota inanguruma lakini haizunguki? Kwa mota za umeme wa nyumbani, volti 230, mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Ni kile kikopo cha plastiki chenye waya mbili, kimeandikwa labda 10, 12.5, 16 au 20 maikrofaradi na volti 450. Kikichoka, mota inakosa nguvu ya kuanzia. Dalili yake haijifichi: ukilisaidia geti kwa kulisukuma linaondoka. Zima umeme kwenye breka, toa chaji ya kapasita kupitia balbu au rezista (usiguse miguu yake kwa vidole), kisha pima kwa mita yenye sehemu ya kapasita. Iliyoandikwa 16 na asilimia 5 isome kati ya 15.2 na 16.8. Ikisoma 9, mgonjwa umempata. Nyingi hazivimbi wala kubadilika rangi, kwa hiyo kuchungulia tu hakusaidii. Weka yenye maikrofaradi zile zile na volti zisizopungua 450. Bei yake ukiilinganisha na ya bodi ni sehemu ndogo sana, na ndiyo maana wengine hawataki kuitaja.

Ikinyamaza kabisa baada ya kubonyezwa mfululizo, usikubali kuambiwa "mota imeungua" papo hapo. Nyingi zina kinga ya joto ndani yake. Ikipata moto inakata, ikipoa inarudi. Iache ipumzike nusu saa au zaidi ujaribu tena.

Mota inazunguka lakini geti limesimama? Mara nyingi mtu aliachia gia umeme ulipokatika na hakuirudisha. Kuna watu wamelipishwa giaboksi kwa kosa hili. Giaboksi!

Mota za betri ni habari nyingine. Za volti 24 hutumia betri mbili za volti 12, mara nyingi Ah 7, zilizounganishwa kwa kufuatana. Betri iliyojaa na iliyotulia isome karibu 12.7. Lakini hicho kipimo peke yake hakitoshi, kwa sababu betri mbovu nayo inaweza kusoma 12.5 ikiwa haina kazi. Weka mita kwenye betri, mwenzako abonyeze rimoti, angalia namba wakati geti linajaribu kuondoka. Ikianguka chini ya 10.5, betri imekwisha. Badilisha zote mbili kwa pamoja, maana ya zamani itaiharibu mpya. Na kabla ya kununua, hakikisha chaja inatoa kama 13.6 mpaka 13.8 kwa kila betri, la sivyo mpya nazo zitakufa.

Kimya kabisa, hata mlio hakuna? Angalia kama bodi ina taa. Hakuna taa: pima umeme unaoingia, kisha fyuzi. Fyuzi ipime kwa mita, usiiangalie kwa macho. Ikiwa imekata, weka ya ampea zile zile zilizoandikwa kwenye bodi. Anayefunga kiwaya cha shaba ndiye anayeiua bodi kweli. Taa zipo lakini geti halisikii rimoti: gusanisha kwa waya mfupi tundu la kuanzishia na la pamoja, yale yanayotumiwa na kitufe cha ukutani. Fuata mchoro wa mota yako na usikaribie upande wa volti 230. Geti likifunguka, bodi na mota ni wazima. Tatizo ni betri ya rimoti, rimoti iliyofutika kwenye kumbukumbu, au antena iliyong'oka, kile kiwaya cha kama sentimita 17. Kipimo hiki hakizidi dakika moja, na wengi wao hawakifanyi!

Kuhusu yale macho ya pembeni, yanayozuia geti kufunga yakiona kitu njiani: geti likifunguka ila likagoma kufunga, anza nayo. Vumbi, utando wa buibui, au jicho lililogongwa likaangalia pembeni. Geti likifunga ila likagoma kufunguka, angalia limiti swichi, ile inayoiambia bodi kwamba geti limefika mwisho. Ikikwama au sumaku ikihama, bodi inaamini geti limeshafunguka, kwa hiyo haina sababu ya kulifungua.

Sisimizi wanapenda joto la bodi. Wanaingia kwenye rilei (swichi ndogo za umeme kwenye bodi) na limiti swichi, wanakufa kati ya miguso, umeme haupiti. Safisha kwa brashi kavu, halafu ziba kwa silikoni bomba linaloleta waya. Mjusi naye akilala juu ya miguu ya umeme, hapo kweli bodi inaungua.

Bodi zinakufa, sikatai. Radi, au umeme unaorudi kwa kishindo. Lakini hata hapo mara nyingi kilichopasuka ni varista (kifaa kinachoikinga bodi na umeme mkubwa) na fyuzi, na fundi wa elektroniki anabadilisha. Kwa hiyo wakuu, msilipe bodi mpya kabla fundi hajaonyesha kwa mita nini kimekufa, na bodi ya zamani ibaki kwako. Ni mali yako.

NYONGEZA: Mkuu aliyeuliza afanye nini akiwa nje na umeme hakuna: ufunguo wa kuachia mota usiwe mmoja, na usikae ndani tu. Kama ukuta wako hauna mlango mdogo wa kupita, mmoja mpe mtu wa karibu unayemwamini, na ujaribu kuachia geti mara kwa mara. Kitasa kisichoguswa kinaganda kwa kutu, hasa huku pwani, na siku ya moto utauvunjia ufunguo ndani.